Fundo la Mashoto

Tangu Jumanne chumba changu kinanuka ubani. Nimefungua madirisha, nimeutoa mkeka nje, nimefua pazia, wapi! Harufu imekwisha kukaa. Inatoka kwenye kitambaa chekundu, ukubwa wa leso ya kufutia jasho, nilicholetewa na msichana mmoja kutoka Kiegeani. Aliyekuwa nacho alikifukiza kila Alhamisi kwa miaka ambayo ninyi wa rika langu mkianza kuihesabu mtaishia kusema, "We acha tu." Msichana aliniamkia, akanikabidhi kwa mikono miwili, akanipa na maneno machache aliyoagizwa. Maneno hayo nitayasema mwisho. Nikiyatanguliza hamtayafahamu, na mimi mwenyewe nayaogopa.

Mimi ni mtu wa mashoto. Siku hizi mtoto akishika kalamu kwa mkono wa kushoto watu hucheka na kumwacha. Zama zetu, pale Kilindoni kisiwani Mafia, ilikuwa fedheha ya nyumba nzima. Chuoni mwalimu aliufunga mkono wangu wa kushoto kwa kipande cha kanga nisije nikaandikia aya za Mungu. Nyumbani nilikula kwa mkono wa kulia huku watu wote wakinitazama, tonge likinidondoka, na bibi yangu mzaa mama, ambaye alikuwa kipofu, alisikia tu linavyoanguka na kusema, "Mashoto huyo." Jina likanikaa. Hata leo wapo wazee Miburani wasionijua kwa jina jingine.

Bibi alikuwa akisokota kamba za usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Usumba ukitoka kufukiwa pwani una harufu ya kuoza ambayo wageni huikimbia, lakini kwangu mimi ile ndiyo harufu ya mapaja ya bibi. Sisi wajukuu kazi yetu ilikuwa kuunga vipande, na vidole vyake ndivyo vilivyokuwa macho yake. Alipapasa kamba fundo kwa fundo, na akifika kwenye langu aliitupa kando.

"Hili la mashoto," alisema. "Linalala kinyume. Fungua, ufunge kama watu."

Na kweli, fundo langu lilikuwa likilala upande wa pili. Kila ncha ilitokea pale ambapo kwenye mafundo ya wenzangu iliingia. Nilijaribu mpaka machozi, na bado mkono wangu ulijiendea wenyewe.

Aliyeniokoa ni shoga yangu Mwanakombo, binti wa jirani yetu mkwezi wa minazi. Alikuja kila alasiri eti kutusaidia, akakaa ubavuni kwangu, na nikimaliza kufunga alininong'oneza, "Lete nikufichie." Alilifungua fundo langu chini ya upindo wa kanga yake, akalifunga upya kwa kulia, akalirudisha kabla mkono wa bibi haujafika. Hakuwahi kunidai hata embe. Yeye alikuwa hodari wa kila kitu na ustadi wake haukumpa majivuno, jambo ambalo nilipokuwa mdogo lilinikera kuliko majivuno yenyewe. Alipanga vifuu vya nazi uani kwao akavifundisha kusoma, akavipa majina, akavichapa visivyojibu. "Mimi nitakuwa mwalimu," alisema. Hakuna aliyemcheka, kwa sababu hata vifuu vilionekana vinamsikiliza.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kumtandikia bibi mswala. Mara tano kwa siku nilimshika mabega nikamwelekeza Kibla, naye kabla ya kutia nia aliuliza, "Nimeelekea?" Nami nilijibu, "Umeelekea, bibi." Alasiri moja nilikuwa na haraka ya kwenda kuokota mabibo. Nilimgeuza, nikajibu, nikakimbia. Mjomba aliporudi alimkuta bibi amesujudu kuelekea ua wa choo. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Bibi hakucheka. Alisali upya, akatoa salamu, akasema taratibu, "Mtoto asiyejua kulia wala kushoto atakuja kunitia motoni." Nilikuwa na umri wa miaka tisa au kumi, na neno lile liliniingia nikalala nalo na kuamka nalo.

Basi ndipo walipotuletea dira.

Wazungu wa Kilindoni walikuwa wachache: Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, meneja wa shamba la minazi, mpima ardhi na mkewe, na wengine wawili watatu waliokuwa wakija kwa boti kutoka Dar es Salaam. Walikuwa na chama chao cha ajabu. Kila Krismasi walivaa kaptula, wakashika ramani na dira, wakaingia porini nyuma ya mashamba kutafuta vitambaa vyekundu walivyovitundika wenyewe. Wazee wetu waliwatazama kwa huruma. Mtu aende akafiche kitu chake, halafu akimbie na jua la kaskazi kichwani kukitafuta! Mke wa mpima ardhi ndiye aliyekuwa kinara wao. Sisi tulimwita Mama Ramani. Alikuwa akija mara mbili kwa wiki kufundisha ushonaji katika darasa letu la wasichana, na sote tulikuwa saba. Mwaka ule aliamua kwamba Krismasi ya chama itakuwa na mchezo wetu pia.

Siku ya kwanza aliiweka dira juu ya kiganja chake tukamzunguka. Ilikuwa ya shaba, mviringo, ina kifuniko. Sindano ilitetemeka, ikaenda huku, ikarudi, kisha ikatulia. Tulitazama ilikoelekea. Ilikuwa imeelekea ng'ambo ya njia, kwenye msikiti, upande ule ule wa mihrabu.

"Kibla!" alisema Mwanakombo.

"Inasali," nilisema mimi, na nywele zikanisimama.

Mama Ramani aliigeuza dira, sindano ikarudi pale pale. Akaigeuza tena, ikarudi. Alifurahi kuona macho yetu yamekuwa makubwa, akasema, "Ndiyo, ndiyo, kaskazini," akidhani tumefahamu somo. Mwalimu wetu wa chuo tulipomweleza alitafakari, akasema kila kilichoumbwa kinamsabihi Mola wake, hata chuma. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kunitoa imani yangu. Kumbe kuna kitu duniani ambacho hakiwezi kugeuzwa kikakosea! Na Mama Ramani alisema mshindi wa mchezo atapewa ile dira ya shaba iwe yake. Wenzangu walitaka kushinda. Mimi nilitaka kumwelekeza bibi yangu.

Ruhusa haikuwa rahisi. Krismasi sisi tulidhani ni jina la mtu, mgeni wa Bwana Shauri. Wazee walijadiliana kama ni halali, mpaka mwalimu wa chuo alipoamua kwamba Nabii Isa ni mtume wetu vilevile, watoto waende, ila wasile nyama, na keki waulize imekaangwa kwa mafuta gani. Baba yake Mwanakombo alikuwa wa mwisho kukubali. Mama Ramani alikwenda mwenyewe hadi kwao. Mimi nilikuwa pale, nimeshika mlango, na nilisikia kila neno.

"Shule yenyewe nilimpa kwa shingo upande," alisema yule mkwezi. "Haya, nenda naye. Lakini mwanangu akifikwa na jambo huko porini kwenu, na shule basi. Nisije nikaulizwa tena."

"Hatafikwa na jambo," alisema Mama Ramani.

Nataka mjue kwamba nilisikia.

Siku ilipofika walikuwa wamesimamisha mti wa mvinje mbele ya bohari la shamba, wameupamba kwa pamba na vifuniko vya chupa vilivyomeremeta. Bwana Shauri alitokea amevaa blanketi jekundu na ndevu za pamba, jasho linamchuruzika, na wawili kati yetu walikimbia hadi barabarani. Baada ya kucheka na kurudishwa, tulifundishwa sheria. Kila msichana angekwenda peke yake, akianza kwa kengele, na mwenzake angesubiri kengele nyingine. Vitambaa vilikuwa sita, vyekundu vyote, kila kimoja kimeshonewa mfuko wenye nyuzi za rangi yake. Ukikifikia ungechukua uzi mmoja, ujifunge mkononi, uende kingine. Mwenye nyuzi sita na muda mfupi zaidi katika saa ya Mama Ramani ndiye mshindi. Wazungu walituvalisha dira zao shingoni. Tulipiga kura, mimi nikawa wa sita na Mwanakombo wa saba, wa mwisho.

"Ukinisikia nyuma yako ukimbie," aliniambia akicheka.

Pori lile tulilijua kwa kuni. Lakini kulijua kwa kuni ni jambo moja na kulisoma kwenye karatasi ni jingine. Kitambaa cha kwanza, cha pili na cha tatu nilivipata bila taabu. Baada ya cha tatu ramani ilitaka nishike kushoto penye njia panda, nami, kwa kuogopa mashoto yangu, nilijisahihisha nikashika kulia. Nilitokea kwenye mikorosho ya watu. Harufu ya mabibo yaliyooza ilinijaa kichwani, nzi wananizunguka, na nilipogundua kosa nilirudi mbio huku nalia kwa sauti. Nilipokipata cha nne nyuzi za mfuko zilikuwa mbili tu. Nikachukua mmoja. Kwa hiyo wote watano walikuwa mbele yangu, na nyuma yupo mmoja.

Cha tano kilikuwa kwenye mkwaju, karibu na kisima kikavu. Nimejifunga uzi wa tano, wa kijani, nikamsikia. Mwanakombo alikuwa akihesabu hatua kwa sauti kama tulivyofundishwa, mia na kumi, mia na kumi na moja, wala hakuwa na haraka. Alikuwa ameanza nyuma yangu kwa kengele nzima, na sasa yuko hapa. Wale watano wa mbele nilijua hawanishindi, maana wawili kati yao nilikuwa nimewakuta njiani, wametoka mkwajuni na uzi wa kijani mkononi, wamekaa chini wanakula mabibo, na waliobaki walikuwa wakitembea kama wanakwenda harusini. Aliyeweza kuninyang'anya ile dira ya shaba alikuwa mmoja tu.

Karibu na pale, ndani ya kichaka kizito, kulikuwa na mzimu. Ni mwamba wa matumbawe uliofanya shimo, na ndani yake vigae vya vyetezo vya ubani, sarafu zilizoota kutu, na vitambaa, vyeupe na vyekundu, vilivyofungwa kwenye vijiti na watu waliokuwa na haja zao. Watoto tulipita pale bila kusema. Hakuna aliyewahi kuchukua kitu, hata kugusa.

Nilikifungua kitambaa kwenye mkwaju nikakimbia nacho hadi mzimuni. Nawaambieni ukweli, sikuogopa. Wivu ukikupanda hauachi nafasi ya kitu kingine. Nilifikiri kitoto, lakini nilifikiri sawasawa. Chekundu katikati ya vyekundu, nani atakiona? Na akikiona, nani atakigusa? Nilikifunga kwenye kijiti kwa haraka, na haraka haina mkono wa kulia. Kisha nikazunguka mwamba, nikapita nyuma, nikaenda kwenye cha sita.

Nilifika mbele ya mvinje nikiwa na nyuzi sita. Watu walipiga makofi. Nilipewa kipande cha keki chenye zabibu kavu, nikauliza mafuta kama nilivyoagizwa, nikaambiwa siagi, nikala. Wale wengine walifika mmoja mmoja. Mama Ramani alikuwa akitazama saa yake, kisha barabara, kisha saa. Ukafika wakati akaacha kutazama saa.

Walipuliza filimbi. Wazungu wa chama waliingia porini na dira zao, wakafuata njia za ramani tu, wakatoka, wakaingia tena. Adhuhuri ilikwisha pita, alasiri ikaingia. Mimi nilikaa chini ya mvinje. La kusema lilikuwa moja tu: "Nendeni mzimuni." Maneno mawili mafupi hata mtoto wa kutambaa angeyajua! Lakini wangeniuliza umejuaje. Nilijiambia ataacha kitambaa cha tano, atakuja na nyuzi tano, sasa hivi atatokea. Na nilijua kabisa kwamba Mwanakombo hakuwa mtu wa kuruka namba.

Baba yake alikuja kutoka minazini, kamba yake ya kukwelea bado iko begani. Hakumsalimu mtu wala hakutazama ramani. Alikwenda moja kwa moja kwenye pori na jua lilipokuwa linaanza kulegea alirudi amembeba.

Alimkuta ameketi mbele ya mwamba. Hakuwa na jeraha. Kitambaa chekundu alikuwa amekikumbatia, na mkono wake ulikuwa na nyuzi nne tu. Uzi wa tano hakuutoa kwenye mfuko. Baba yake alimwita, Mama Ramani akamwita huku analia, mimi nikaitwa nimwite kwa kuwa ni shoga yangu. Nilisema, "Mwanakombo." Alinitazama, akarudi kukitazama kitambaa chake.

Siku tatu hakusema. Alikula, alilala, alifuata akishikwa mkono, na hakutoa sauti. Mji mzima ukajua habari. Mama Ramani aliapa kwamba alikitundika kitambaa kwenye mkwaju, na sisi sita tulikuwa na nyuzi za kijani za kuthibitisha. Basi kimefikaje mzimuni? Jibu lilikuwa moja, na walilitoa kwa sauti ya chini. Wazungu wametundika vitambaa vyekundu katika pori lenye wenyewe, na wenyewe wamekuja kuchukua.

Siku ya nne alasiri akaletwa fundi wa ngoma za pepo, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole. Ua wao ulijaa. Moshi wa ubani ulikuwa mzito hata watu wa upande wa pili hawakuonekana vizuri, ngoma zinapigwa pole pole, na Mwanakombo ameketi katikati amefunikwa shuka jeupe. Nilisimama nyuma ya mama yangu nikiwa nimeushika mkono wangu wa kushoto kwa wa kulia, kana kwamba ungeweza kuropoka.

Fundi alimfunua uso. "Tunakuuliza kwa heshima," alisema. "Kitambaa hiki kilikuwa mkwajuni. Nani aliyekipeleka kwako?"

Ngoma zilinyamaza. Mwanakombo aliinua macho, akayapitisha kwa watu, akanifikia mimi, akatulia.

"Si mtu," alisema.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Vigelegele vikapigwa, mama yake akaanguka kwa kilio cha furaha, na pale pale ikaamuliwa kwamba amechaguliwa, amekuwa kiti, yaani mahali pepo atakapokalia. Nami kwa akili yangu ya kitoto nilipata mlango wa kutokea. Pepo mwenyewe amesema si mtu! Kumbe si mimi. Kumbe mkono wa kushoto ni mkono wa shetani, kama walivyonifundisha chuoni, na pepo aliuazima tu. Nililala usingizi usiku ule, mara ya kwanza tangu Krismasi.

Baba yake hakugombana na mtu. Mama Ramani alipokwenda kuomba msamaha alimwangulia dafu, akamkatia, akamsubiri amalize kunywa. Kisha akasema, "Nilikwambia." Shule ikawa basi. Kibao chake cha kuandikia alinipa mimi, kwa kuwa changu kilikuwa na ufa.

Dira nilipewa mwanzoni mwa muhula, bila makofi. Mama Ramani aliniwekea mkononi akatoka darasani. Mwaka uliofuata hapakuwa na mchezo, na baadaye mumewe alihamishwa. Niliipeleka nyumbani, nikaiweka juu ya mswala, nikamgeuza bibi polepole mpaka akalingana na sindano.

"Nimeelekea?" aliuliza.

"Umeelekea, bibi. Hata dira inasema."

Aliipapasa. "Umeipata wapi?"

"Nimeshinda."

"Mashoto wangu kashinda!" alisema, akanishika kichwa, akaniombea dua ndefu, mimi na mkono wangu. Toka siku ile hakuuliza tena kama ameelekea. Alikufa akiniamini. Katika yote niliyoyafanya, ile dua ndiyo iliyoniuma zaidi, maana ilikuwa ya kweli na ilipokelewa na mwizi.

Nilikuja kuwa mwalimu. Mwaona wenyewe. Nilisimama mbele ya watoto wa watu kwa miaka yangu yote ya kazi, nikawaandikia ubaoni kwa mkono wa kulia, na mara nyingi chaki ikiwa mkononi niliona vifuu vimepangwa uani. Mwanakombo aliolewa Kiegeani na akawa fundi mkubwa. Watu walimfuata kutoka Utende na hata kutoka bara. Tukikutana kwenye harusi na misiba alinikumbatia, akaniita Mwalimu, wala hakuniita tena Mashoto.

Niliposafiri kwenda Hija nilipita kuomba radhi kama ilivyo ada. Kwake nilikwenda mwisho, na nilikwenda nimeazimia kulitaja. Nilimkuta baada ya sala ya adhuhuri, amezungukwa na wanafunzi wake sita au saba, wanawake wazima. Kitambaa kilikuwa kimetundikwa ukutani juu ya chetezo. Kabla sijafungua mdomo aliwaambia, "Huyu ndiye shahidi wangu. Mimi na yeye tulikuwa porini siku ile." Akanigeukia. "Waambie, Mwalimu. Kitambaa kile kilipelekwa na mkono wa mtu?"

Wale wanawake walinitazama kwa macho ya watu wanaosubiri kushiba. Heshima yake yote, nyumba yake, wagonjwa waliolala barazani kwake, vyote vilikuwa vimesimama juu ya jibu langu. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini nanyi mnajua kwamba mwoga hakosi sababu njema.

"Hapana," nilisema. "Si mkono wa mtu."

Mwanakombo alinitazama kidogo, kisha akacheka kichekocheko. "Mmesikia," aliwaambia. Nikamwomba radhi, ile ya jumla, kwa nililolijua na nisilolijua. "Nimekuridhia," alisema. "La kujua na la kutojua. Uniombee Madina."

Dira nilikuwa nayo safarini, sijui kwa nini, labda kwa mazoea. Huko Madina, chumbani, kabla ya sala niliifungua. Sindano ilitetemeka ikatulia, nami nikaona watu wote waliokuwa chumbani wamesimama kuelekea upande mwingine kabisa. Nilidhani imeharibika. Kijana mmoja wa msafara wetu ndiye aliyenieleza kwa adabu kwamba Madina iko kaskazini ya Makka, kwa hiyo huku Kibla ni kusini, mama, na sindano haijui Kibla, inajua kaskazini tu. Kwetu Mafia mambo hayo mawili yameangukiana. Nilisali nikiwa nimeipa kisogo, au yenyewe ilinipa kisogo mimi, na nilimwombea Mwanakombo mpaka sauti ikanikauka. Niliapa nikirudi tu nitakwenda kumwambia, sisi wawili, hapana wanafunzi.

Nilirudi. Kulikuwa na wageni, kisha mvua, kisha goti langu. Nilisema nitakwenda Ijumaa. Ijumaa zikapita nyingi, na arobaini yake imesomwa wiki iliyopita.

Basi msichana huyu wa Kiegeani aliponifungulia kitambaa nilikiona kwa karibu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Uzi wa kutundikia uko pale pale. Mwanakombo hakuufungua. Aliuvunja mti, si uzi. Kipande cha kijiti kikavu, urefu wa kidole, bado kimo ndani ya kitanzi, na juu yake limekaa fundo, limesinyaa, limekuwa jeusi kwa moshi. Linalala kinyume.

"Fundi alisema," msichana alisoma agizo lake kama aya, "mwambie Mwalimu, hili fundo sikulifungua, na moyoni sikuliweka."

Siku tatu hakusema, tukasema ni pepo. Mtoto wa miaka kumi alikuwa ameketi mbele ya mwamba, akaliona fundo ambalo alikuwa akilifungua na kulifunga upya kila alasiri chini ya kanga yake, na hakuna mtu duniani aliyelijua kuliko yeye, isipokuwa bibi yangu kipofu. Akakaa nalo siku tatu akiamua la kufanya. Kisha mbele ya mji mzima alinitazama, akanifichia.

Tangu Jumanne nimekaa nacho mapajani. Nimejaribu kulifungua kwa mkono wa kulia, limekataa. Najua kwa mkono wa kushoto lingefunguka mara moja.